Mchumba ana kaka kiziwi, utamkimbia?

Wiki hii tuguse jambo linalovunja posa nyingi chinichini: "Ukoo ule una viziwi, tusijiletee balaa." Basi uchumba wa miaka unakufa hivi hivi, binti wa watu hana hata kosa.

Ngojeni kwanza, washkaji. Si kila kiziwi amerithi. Wapo waliopata homa ya uti wa mgongo utotoni, wapo ambao mama aliugua rubela akiwa mja mzito. Hapo ukoo unasingiziwa bure.

Na hata uziwi wa kurithi una hesabu yake. Mara nyingi mtoto lazima apate kinasaba chenye hitilafu kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wanasikia safi, ila kila mmoja kabeba kimoja kimya kimya. Hapo kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kiziwi. Kwa hiyo wewe unayenyoosha kidole, huenda nawe umebeba na hujijui!

Kule Ghana kuna kijiji kinaitwa Adamorobe. Viziwi ni wengi mpaka wana lugha yao ya alama. Mwaka 1975 chifu alipiga marufuku viziwi kuoana wao kwa wao. Mwaka 1998 wataalamu wakaeleza chanzo: hitilafu kwenye kinasaba GJB2. Sasa marufuku ile ingewashikaje wanaosikia ambao wamekibeba?

Kupima ni damu kidogo au mate. Lakini usibabaishwe. Sehemu nyingi za Afrika hitilafu za GJB2 ni adimu, na vinasaba vinavyohusika na uziwi vimepita 100. Ukipimwa kimoja ukaambiwa uko safi, bado hujamaliza. Uliza: mmepima vingapi? Nani atanifafanulia majibu?

Faida ipo. Kuna hitilafu inayopitia kwa mama peke yake. Mwenye nayo akichomwa streptomycin au gentamicin anaweza kupoteza usikivu. Ukoo ukijua, daktari anaambiwa kabla ya sindano.

Kwa hiyo wapenzi, nendeni wawili, si binti peke yake kama mshitakiwa. Na majibu yakisema mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, anzeni kujifunza lugha ya alama mapema. Mtoto anataka wazazi wa kuongea naye, basi.

Tukutane wiki ijayo. Bai!