Machozi Yasiyolazimishwa



Mwezi uliopita kijana mmoja wa jamii yetu alinikabidhi mswada wa filamu aliouandika mwenyewe. Unamhusu baba afanyaye kazi za usiku ugenini ili awasomeshe wanawe. Niliusoma kwa hamu, kwani hayo ni maisha yetu. Hata hivyo, mama wa kisa hicho analia karibu kila ukurasa, nami sikutokwa na chozi hata moja. Kijana akaniuliza kosa liko wapi. Naona jibu litawafaa na wengine.

Namshauri kwanza aitazame filamu ya Iran ya mwaka 1997 ijulikanayo huku kwa jina la Children of Heaven. Iliandikwa na kuongozwa na Majid Majidi, na ndiyo filamu ya kwanza ya Iran kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni.

Kisa chake ni chepesi. Ali, mtoto wa familia maskini mjini Tehran, anapoteza viatu vya dada yake Zahra alivyovitoa kwa fundi. Kwa kuchelea kumzidishia baba mzigo, wanavaa jozi moja ya raba kwa zamu: Zahra asubuhi, Ali mchana, na mbio katikati. Mwandishi hakutafuta msiba mkubwa. Alichagua haja ndogo ambayo kila mtoto anaielewa, kisha akaizungushia vikwazo.

Lakini haja peke yake haitoshi. Mhusika hupendwa pia kwa lile analokataa kulitenda. Baba yao anavunja sukari ya msikiti; Zahra anamletea chai, naye anaomba sukari. Binti anashangaa, kwani sukari imejaa mbele yake. Baba anamjibu kuwa hiyo ni ya msikiti, ni amana. Hakuna aliyetutangazia uaminifu wake, tumeuona. Vivyo hivyo, watoto wanapomgundua msichana aliyevaa viatu vile, wanamfuata hadi kwao na kumwona baba yake ni kipofu. Wanarudi bila kudai kitu. Hapo ndipo koo la mtazamaji hukauka.

Mwishoni Ali anaingia mashindano ya mbio ambamo mshindi wa tatu atapata raba. Anatokea wa kwanza. Watu wanamshangilia, naye anainamisha kichwa. Uchungu ulio ndani ya ushindi huo tunaujua yeye na sisi tu, si wale wanaomshangilia.

Basi, mwanangu, urudie mswada wako. Umetuambia kwamba baba amechoka. Sasa tuonyeshe anachokitaka usiku ule, na anachokataa kukitenda ingawa hakuna amwonaye. Pengine hurejea alfajiri, akavua viatu nje ya mlango asije akawaamsha watoto. Na mama asilie. Akilia yeye kwa niaba yetu, sisi tutabaki na kazi gani?

Nakuhimiza kwa kuwa baba zetu wanazeeka, na wengi wao hawatayasimulia waliyoyapitia. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Usipoyaandika wewe uliyelelewa ndani ya nyumba hizo, yataandikwa na wasiotujua.

Wabillahi tawfiq. Tukutane mwezi ujao, inshaallah.