Daftari la Wiki: Steringi Kafa Mapema

Wiki hii kibanda umiza kimoja hapa Mbesa, Tunduru, kimeonyesha Who Killed Captain Alex?, filamu ya Uganda ya mwaka 2010, na mzee mmoja aligoma kabisa. Steringi hafi! Mbona huyu kauawa hata hatujakaa vizuri? Kijana wa benchi la mbele akamtuliza: "Subiri babu, ndugu yake anakuja." Kweli akaja, Bruce U, bingwa wa kung fu, na majambazi wa Tiger Mafia wakaanza kula mweleka huku kibanda kizima kikipiga kelele. Aliyemuua Alex hatukuambiwa hata filamu ilipoisha. Hakuna aliyedai arudishiwe kiingilio.

*

Isaac Nabwana aliitengeneza filamu hiyo Wakaliga, uswahilini kwa Kampala, kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Alifyatua matofali ili apate fedha ya kamera. Bunduki ni vyuma chakavu. Damu mwanzoni ilikuwa ya ng'ombe, mpaka mwigizaji mmoja akaugua. Ndipo wakahamia kwenye rangi ya chakula, inayotiwa ndani ya kondomu na kupasuliwa kifuani. Nawasikia wanaoiita sinema ya kitoto. Wajaribu wao kuanguka chali vile, kwa wakati wake hasa, watu wacheke! Kumliza mtazamaji ni rahisi kuliko kumchekesha kwa mwili peke yake. Amri Athumani, King Majuto wetu wa Tanga, aliifanya kazi hiyo mpaka uzeeni, na tangu alipofariki Agosti 8, 2018 sijaona wa kukaa kwenye kiti chake.

*

Nusu ya utamu wa filamu ile ni sauti ya VJ Emmie, anayesimulia na kutania juu ya picha. Sisi tuliokua na sauti ya hayati Lufufu, aliyetusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, tulimwelewa Emmie papo hapo. Wageni nao wameelewa: mwaka 2016 watazamaji wa tamasha la Fantastic Fest, Austin, Marekani, waliipa tuzo yao Bad Black, kazi nyingine ya Nabwana.

*

Vijana wa Tunduru wenye kompyuta na maikrofoni, hebu itafsirini filamu moja ya namna hiyo kwa Kiyao, bibi zetu nao wacheke. Nasi watazamaji tulipe kiingilio, tuache kurushiana kazi za watu bure kwenye flashi.