Kufilisika si aibu, kuhepa ndio noma

Nilipoacha chuo nilifungua kibanda cha kava za simu na chaja. Biashara ilikufa kabla ya mwaka kuisha. Stoki iliyobaki ilishikiliwa na mwenye nyumba kwa sababu ya kodi. Nikabaki na deni la 160,000: la jumla, la apu tatu, na la shangazi yangu. Nikafanya ile kitu kila msee hufanya. Nikazima laini, nikahama mtaa.

Miaka miwili nikiishi kama mwizi, na sikuwa nimeiba.

Sasa angalia wakubwa wakianguka. Nakumatt ilipolemewa na madeni, Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na wanaodai wakazuiwa kuivamia ovyo. Haikupona, Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe. Lakini hakuna aliyebadilisha laini. Na mwaka 2021 sheria ikarekebishwa tena, kampuni inayoyumba ikapewa nafasi ya kupata siku 30 za kupumua ipange na wadai wake.

Hiyo ni Sheria ya Ufilisi ya 2015. Na ndani yake kuna mlango wetu sisi wa kibanda, ule hakuna mtu hutuambia. Kama huna mali ya kuuzwa, huna pesa ya kulipa, na deni lako liko kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, unaweza kuomba kwa Mpokeaji Rasmi wa serikali uingizwe kwenye utaratibu wa wasio na mali. Ukikubaliwa, wadai wanaacha kukufuata kwa hayo madeni. Baada ya miezi 12, yanafutwa.

Si ya bure, usidanganyike. Unapata nafasi hiyo mara moja tu. Jina lako linaingia kwa rejista. Ukificha mali, unatolewa. Ukikopa kwa ulaghai, hilo deni linabaki lako.

Najua mtaniuliza: na shangazi je? Kweli, yeye pia angepoteza. Lakini nilipohepa alipoteza pesa na akanipoteza mimi. Afadhali mtu akuambie usoni "sina" kuliko ujue kwa simu ambayo haishiki.

Hustler Fund ilipozinduliwa Novemba 2022, kukopa kukawa ni kubonyeza *254# tu. Sawa. Kwa nini basi kuanguka kihalali kuhitaji wakili na Kiingereza cha korti? Kila anayekopesha vijana alazimishwe kueleza, kwa Kiswahili, hapo hapo kwenye simu, sheria inasema nini ukishindwa. Kama simu inaweza kunikumbusha deni saa kumi na moja asubuhi, inaweza pia kunikumbusha haki yangu.

Mimi nilichelewa kujua. Nilirudi kwa shangazi Desemba iliyopita, na namlipa mia tano mia tano. Kama wewe umezima laini leo, iwashe. Kisha uulize kuhusu hii sheria kabla hujahama tena.