Trela Haionyeshi Yote

Mimi Krismasi nilikuwa nyumbani Kibosho, kama ilivyo kawaida yetu Wachaga, na nimerudi na somo nisilolitegemea. Limetoka kwenye trela ya filamu ya katuni.

Ilikuwa hivi. Mtoto wa marehemu kaka yangu ana miaka sita. Jioni moja, mvua imemfungia ndani, nikamwonyesha kwenye simu trela ya The Lion King, ile ya zamani. Tembo walipopita, mlima mweupe ukiwa nyuma yao, akaruka: "Shangazi, mlima wetu huo!" Akairudia mara nne. Kesho yake nikamtafutia filamu yenyewe.

Kwa sisi tuliosomea mawasiliano, trela ile ni darasa. Mwishoni mwa 1993 Disney hawakuunga vipande vya hapa na pale kama ilivyozoeleka. Walichukua wimbo mzima wa ufunguzi, kama dakika 4, wakaupeleka kwenye majumba ya sinema miezi kadhaa kabla filamu haijatoka Juni 1994. Jua linachomoza, wanyama wanakusanyika, mtoto anainuliwa juu ya mwamba, ngoma inalia, jina linatokea. Basi! Mtoto anapata wanyama, mzazi anapata muziki na kichanga cha kumkumbusha wa kwake, sisi wa Moshi tunapata mlima. Kila mtu ameahidiwa chake. Walipoitengeneza upya, walirudia picha zilezile kwenye kionjo cha Novemba 2018, wakatangaza kimetazamwa zaidi ya mara milioni 200 ndani ya saa 24.

Kwa Frozen ya 2013 walitumia ujanja mwingine. Kionjo cha kwanza kilikuwa mtu wa theluji na mnyama mwenye mapembe wakigombea karoti kwenye barafu. Ukicheka tu, umenaswa. Dada wawili ambao ndio hadithi yenyewe hawakuonekana kabisa, sembuse wazazi wao wanaozama baharini.

Unaona mchezo? Trela haisemi uongo, inachagua. Furaha unaonyeshwa mlangoni, msiba unakutana nao ndani.

Nami nilijua Mufasa anakufa. Nani wa rika langu asiyejua? Lakini ule mlima ulinisahaulisha. Simba alipomsukuma baba yake aamke, mtoto akanigeukia: "Shangazi, mbona kwenye simu hawakuonyesha hii?" Kisha, polepole: "Na baba yangu anarudi lini?"

Nikakosa neno. Siku ya mazishi tulimwacha kwa jirani Dar, na mwaka mzima tumemwambia baba amesafiri. Mume wangu alinishauri tangu msibani: "Mwambieni mtoto ukweli." Nikamjibu kwamba mambo ya ukoo wetu atuachie. Usiku ule ilibidi nimwambie, "Mume wangu, ulikuwa sahihi." Jamani, maneno hayo ni magumu kuliko kupanda Kibo! Hakunicheka. Akaniambia nianze kwa kuongea na wifi yangu, maana mtoto ni wake.

Asubuhi mimi na wifi tukamshika mtoto mkono, tukampeleka mgombani, nyuma ya nyumba ya babu yake. Mama yake akamweleza kwa maneno machache: baba alifariki, hatarudi, amelala hapa. Alilia sana. Kisha akauliza kama baba anasikia baridi. Halafu akauliza kama kutoka pale anauona mlima. Siku hiyo hapakuwa na wingu. Ulionekana wote.

Wapenzi wasomaji, wauza filamu acha wachague cha kuonyesha, ndiyo kazi yao. Sisi tunaoishi nyumba moja hatuna ruhusa hiyo. Mchumba anayekuonyesha mshahara akaficha mkopo, anakuonyesha trela. Mzazi anayesema "baba amesafiri" naye vilevile. Siku moja filamu itaanza, na mwenzako atakuuliza mbona hukumwonyesha.

Kwa hiyo mwezi huu chagua jambo moja ulilolificha, ulizungumze. Na filamu ya watoto, itazame kwanza wewe!

Tukutane mwezi ujao.