Aliyepasuliwa Moyo Hajifanyi

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yatuhusu sana sisi wanafunzi. Mwenzetu akirudi shuleni baada ya kupasuliwa moyo, wiki ya kwanza twamwonea huruma. Wiki ya pili twaanza: "Kwani huyu si alishapona? Mbona hakimbii asubuhi kama sisi? Anajifanya tu!" Maoni yangu ni kwamba maneno hayo hutokana na kutojua, na kutojua kwaweza kuua.

Hapa Kenya, vijana wengi wenye vali mbovu za moyo walianza na maumivu ya koo tu. Koo lililoshambuliwa na bakteria lisipotibiwa laweza kuleta homa ya rumatiki, nayo huharibu vali, yaani ile milango ya moyo. Homa hii huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Huko Kawangware au Kangemi, ambako jamaa nzima hulala chumba kimoja, bakteria hao hawana kazi ngumu.

Daktari mpasuaji huitengeneza vali au hutia nyingine. Lakini mlango ukibadilishwa, chumba kilichotanuka kwa miaka hakirudi hali yake siku hiyo hiyo. Isitoshe, upasuaji wenyewe huuchokoza moyo. Ndiyo maana, baada ya upasuaji wa vali, karibu thuluthi moja hadi nusu ya wagonjwa hupatwa na mapigo yasiyo na utaratibu, hasa siku chache za kwanza. Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kupiga sawasawa. Wengi hutulizwa kwa dawa au kwa kushtuliwa na umeme. Wengine huishi na hali hiyo. Damu ikituama humo huganda, na donge likifika kwenye ubongo, hicho ni kiharusi, hata kwa kijana.

Kwa hivyo wengi wao hupewa warfarini. Ikipungua, damu yaganda. Ikizidi, damu yavuja. Lazima damu ipimwe kila mara. Mwenzetu wa Kangemi hupanda matatu hadi mjini, kisha nyingine hadi Hospitali ya Kenyatta, apange foleni. Je, hiyo ni matembezi? Utafiti uliotolewa mwaka 2022, wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa rumatiki wenye mapigo hayo, ulionyesha kuwa waliotumia dawa za aina ya warfarini walifariki wachache kuliko waliopewa dawa mpya isiyohitaji vipimo. Safari ya kliniki, basi, haikwepeki.

Kuna watakaosema shule si hospitali. Kweli, lakini hatuombi makubwa. Siku ya kliniki apewe ruhusa bila maswali mia. Mbio zake ziamuliwe na daktari, si kiranja. Asipewe aspirini wala ibuprofeni ovyo, kwani zikikutana na warfarini damu huweza kutoka. Na uso ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, apelekwe hospitali papo hapo, asiambiwe alale kwanza.

Nasi tukiumwa na koo, twende tukapimwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa moyo, ndugu zangu, ni ghali mno kuujenga.