Acheni Kumshukia Dogo, Muulizeni Kocha!

Wadau, leo wazee wa "mbona yadi zilipatikana" wanisamehe tu.

Oktoba 2023, futiboli ya Kimarekani ya vyuo: Miami wanaongoza 20-17 dhidi ya Georgia Tech, dakika ya mwisho, mpinzani hana taimauti hata moja. Hapo unapiga goti, saa inaisha, mnaenda kula bata. Kocha akataka mpira ukimbizwe! Dogo akaudondosha, wapinzani wakaunyaka, wakafunga. 23-20. Kilio.

Mitandaoni watu wakamshukia dogo. Jamani, aliyemtuma je? Hata angekimbia yadi 10, uamuzi ulikuwa mbovu, maana hapakuwa na yadi iliyohitajika.

Mbio hupimwa kwa hali ya mchezo. Yadi 2 ukihitaji 1 ni dhahabu. Yadi 8 ukihitaji 10, jaribio la tatu? Bado hujafika. Tena vyuoni kwotabeki akiangushwa kabla hajarusha, hasara inaandikwa kwenye mbio. Sasa wastani huo mnautembeza wa nini?

Kocha analipwa mamilioni ya dola afikirie. Lawama zianzie kwake.

Au nadanganya? Tiririka hapo chini.