Swali la Mtoto Walt: Dhidi ya Wahakiki Wanaowadharau Watazamaji

Katika idara zetu za fasihi kumezagaa kauli moja ambayo makala haya yanakusudia kuipinga. Kauli yenyewe ni kwamba msomaji au mtazamaji anayedai jibu la fumbo alilofumbiwa hajapevuka. Kwamba aliyekomaa huridhika na ukungu, huuona ukungu huo kuwa ndio utajiri wa matini, wala hamdai msanii chochote. Nimeisikia kauli hii katika semina, nimeisoma pambizoni mwa tasnifu kwa wino mwekundu, na naungama kuwa zamani niliwahi kuitamka mimi mwenyewe mbele ya darasa. Sasa naiona kuwa ni uvivu uliovishwa joho.

Kisa kinachofaa kuipima ni tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo Lost, iliyoonyeshwa na kituo cha ABC tangu Septemba 2004 hadi tarehe 23 Mei 2010, katika misimu 6. Ndege inayotoka Sydney kwenda Los Angeles inaanguka kisiwani. Walionusurika wanakuta huko moshi mweusi unaoua, namba sita zinazojirudia kila pahali (4, 8, 15, 16, 23, 42), mlango wa chuma uliozikwa msituni, na jamii ya watu wasiojulikana ambao, mwishoni mwa msimu wa kwanza, wanamnyakua mtoto mmoja aitwaye Walt mbele ya macho ya babake. Aghalabu kipindi kilifungwa kwa swali. Kwa miaka 6 maswali yalirundikana kama kuni za matanga, na kila mtu akangoja siku ya kuwashwa moto.

Sisi wa Kitale na Bungoma hatukuifuata kwa ratiba ya Wamarekani. Ilitufikia kwa diski za kunakiliwa, zilizouzwa vibandani karibu na steji za matatu, vipindi vingi vikiwa vimesongamana katika diski moja, picha ikikwama pale pale taharuki inapokolea. Diski moja ilizunguka nyumba nyingi kabla ya kurudi kwa mwenyewe ikiwa na mikwaruzo. Sehemu ya mwisho niliitazama mara mbili: kwanza Kitale, katika nyumba ya kupanga ya mwalimu mwenzangu, kisha Bungoma, katika sebule ya shangazi yangu iliyojaa binamu na majirani. Mara zote mbili watazamaji waligawanyika, na mara zote mbili mgawanyiko wenyewe haukuwa ule ambao wahakiki wetu wanatusimulia.

Wahakiki husema kwamba waliokasirika hawakuielewa tamthilia. Katika jambo moja wana haki, na nalitamka mapema ili nisije nikadaiwa kulificha. Wapo watazamaji wengi, Marekani hata kwetu, walioshikilia kuwa wahusika wote walikufa tangu ndege ilipoanguka, na kuwa yote yaliyofuata yalikuwa ndoto ya wafu. Fasiri hii ni potofu. Katika kanisa ambamo wahusika wanakutana mwishoni, Jack anaambiwa na babake marehemu, waziwazi, kuwa kila mtu hufa, baadhi kabla yake, wengine muda mrefu baada yake. Yaliyotendeka kisiwani yalitendeka. Upotofu huo ulichochewa na picha za mabaki ya ndege ufukweni, pasipo mtu hata mmoja, zilizowekwa chini ya orodha ya majina ya mwisho. Nao walioziweka hawawezi kuwalaumu watazamaji kwa kuzisoma. Kule Kitale ubishi ulikuwa juu ya hilo hasa, nasi tuliumaliza kwa kurudisha diski nyuma na kusikiliza tena. Hiyo ni kazi halali ya uhakiki.

Bungoma mambo yalikuwa mengine. Pale sebuleni hakuna aliyeshtushwa na kanisa lililojaa marehemu wanaongojana. Katika jamii ambayo mtoto hupewa jina la babu aliyetangulia, na jina hilo likaitwa kila asubuhi atumwe maji, mkutano wa walio hai na waliokufa si fumbo la kumkosesha mtu usingizi. Jack alipolala kati ya mianzi, mbwa akaja kulala ubavuni pake, na jicho lake likafumba, kulikuwa kimya. Kisha shangazi, ambaye alikuwa akitazama huku akiingia na kutoka jikoni, akauliza: "Na yule mtoto, ni nani aliyemwambia kuwa babake amekufa?"

Hapakuwa na mwenye jibu. Tulijaribu kukumbuka. Walt aliondoka kisiwani pamoja na babake, Michael. Michael akarudi, akafia melini. Baadaye Locke alipokwenda kumwona kijana, aliulizwa habari za baba naye akakwepa. Katika kanisa la mwisho Walt hayumo. Wala hatukupewa sababu ya kutosha kwa nini wale watu wa kisiwani walimtaka mtoto huyo kiasi cha kumteka baharini usiku. Swali hili lilikuwa nguzo ya misimu ya mwanzo. Nguzo iking'olewa, paa likaachwa lielee. Binamu mmoja aliyekuwa chuo kikuu wakati huo akamjibu shangazi kuwa fasihi ya kisasa haijibu kila kitu. Sijui nani alimfundisha, ila naogopa kuwa ni sisi.

Napenda kusimama hapa, kwa kuwa shangazi hakuuliza kwa ujinga. Anatoka katika jamii yenye sanaa kongwe ya kumalizia mambo. Miongoni mwa Babukusu na Batachoni, mzee mwenye hadhi akifariki, siku chache baada ya maziko watu hukusanyika kusikiliza kumuse. Mtambaji wake, ambaye lazima awe wa ukoo unaoruhusiwa na mwenye kipawa kinachotambuliwa, huvaa mavazi ya kazi hiyo, hushika fimbo, hutembea mbele ya umati akienda na kurudi, na hakatizwi na mtu. Wengi Bungoma bado wanalitaja jina la Manguliechi kama kipimo cha kazi hiyo. Mtambaji husimulia asili ya watu, kuhama kwao, vita vyao, koo zao na tabia zao. Hukemea, huchekesha, huonya. Katika siku hizo hizo za baada ya maziko mambo ya marehemu huwekwa hadharani: anayedai, anayedaiwa, watoto ni wangapi na mama zao ni nani, ng'ombe wa nani yuko kwa nani.

Tazama basi namna sanaa hii inavyotenganisha mambo mawili ambayo wahakiki wetu wanayachanganya. Mtambaji wa kumuse hawezi kueleza kwa nini kuna mauti, wala hakuna mwombolezaji anayemdai jibu hilo. Fumbo la kifo huachwa likiwa kubwa, pengine hukuzwa zaidi kwa maneno yake. Lakini swali la mtoto wa marehemu ni nani haliachwi hivyo. Mtu akijaribu kulifunika kwa maneno ya kina kirefu, kwamba sote ni watoto wa mmoja na kadhalika, atatazamwa kama mwizi. Hadhira hii inajua barabara kwamba kuna fumbo la kukaa nalo na kuna deni la kulipa, na ndiyo maana iliipokea kanisa bila malalamiko huku ikilikataa suala la Walt.

Watetezi wa ukungu hupenda kumtaja Roland Barthes. Ni vema wamsome. Katika S/Z, kitabu cha mwaka 1970, Barthes anaonyesha jinsi masimulizi yanavyotega swali, yanavyolichelewesha jibu kwa hila, kwa majibu nusu, kwa mitego ya kupotosha, hadi ufumbuzi ufike. Ucheleweshaji una maana kwa sababu kuna kinachocheleweshwa. Watunzi wa Lost walikula faida ya ucheleweshaji huo kwa miaka 6: watu walirudi kila juma kwa sababu waliahidiwa. Kisha, mwishoni, tukaambiwa kwamba hadithi ilihusu wahusika, si mafumbo. Huo ni ubadilishaji wa mkataba baada ya mali kuliwa.

Wengine humtaja Euphrase Kezilahabi, wakisema kuwa Nagona (1990) na Mzingile (1991) nazo hazijibu. Ulinganisho huu unamdhulumu Kezilahabi. Riwaya hizo zinamnyima msomaji ardhi imara tangu kurasa za mwanzo. Hazimwahidi kuwa atajulishwa ni nani aliyemteka mtoto wa nani. Anayezisoma anajua ameingia katika nyumba ya namna gani. Hatuna ugomvi na msanii anayekataa kutoa ahadi.

Lakini nisieleweke kuwa nawaunga mkono wale wa kambi ya pili, waliotaka kila kitu kifunguliwe kama mzigo forodhani. Kulikuwa na watu Kitale waliokuwa na daftari ya maswali, wakiweka alama kila lilipojibiwa, na mwisho wakaihukumu tamthilia kwa hesabu ya alama. Tamthilia yenyewe inawajibu. Namba zile sita zilijibiwa katika msimu wa mwisho: zilikuwa za watu ambao Jacob, mlinzi wa kisiwa, aliwateua wapate kumrithi. Jibu lilipatikana, na namba zikafa papo hapo. Zikawa kama nambari za vitanda vya bweni. Vivyo hivyo kipindi cha tarehe 11 Mei 2010, kilichotupeleka kwenye chanzo cha Jacob na nduguye, kikatuonyesha pango lenye mwanga na mama mlezi asiyejulikana atokako: swali moja likabadilishwa kwa jingine lililo dogo kuliko la kwanza. Miaka 20 kabla ya hapo, David Lynch na Mark Frost walilazimika kumtaja muuaji wa Laura Palmer katika Twin Peaks mapema kuliko walivyotaka. Ilikuwa Novemba 1990, na kufikia 1991 tamthilia ikasitishwa. Jibu linaweza kuua. Ni juu ya msanii kujua ni swali lipi linalohitaji jibu na lipi linalohitaji kuachwa, na ni juu ya mhakiki kumpima kwa ujuzi huo.

Tuna kipimo karibu zaidi na nyumbani. Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka 1996, imejengwa juu ya swali moja: baba wa Kongowea Mswahili ni nani, na yuko wapi? Swali linazuka Tanga, ambako mtoto anadhihakiwa kwa kukosa baba, na linamtembeza hadi Kitale. Kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya kilikisoma kitabu hiki shuleni. Nacho kimeshutumiwa mara kwa mara, na wahakiki wale wale, kwa kosa la kinyume: kinajibu mno, kinategemea sadfa, watu waliopotezana wanakutana kwa urahisi. Juu ya sadfa wana hoja, nami sitaitetea kila sadfa ya Siku Njema. Hata hivyo, sadfa ni dosari ya njia. Kufika hakukuwa dosari.

Anayetaka kuelewa kwa nini kufika kulikuwa lazima, na aishi Trans Nzoia kidogo. Ni nchi ya mashamba yaliyokuwa ya walowezi, kisha yakagawanywa au kununuliwa baada ya uhuru wa 1963, na watu wakaja kutoka pande nyingi. Hapa swali la "wewe ni wa nani?" si la mazungumzo ya jioni. Huamua nani atalima ekari ipi na nani atazikwa wapi. Riwaya ambayo ingemtembeza kijana kutoka Tanga hadi Kitale, kisha ikamwambia kwamba ubaba ni dhana telezi, ingekuwa imemtukana yeye pamoja na wasomaji waliompokea. Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia, alilijua hilo. Naye alipogongwa na matatu Nairobi na kufariki Aprili 2020, habari za jeraha la kisu mkononi mwake zikatangazwa na wapelelezi wakaanza kuuliza, wasomaji wake walitaka kujua nani na kwa nini. Sikumsikia mhakiki hata mmoja akiwaambia kuwa kutojua ni utajiri.

Limebaki jambo moja ambalo watetezi wa Lost hulitoa kama karata ya mwisho. Husema Walt hakusahaulika. Na ni kweli: Agosti 2010, miezi mitatu baada ya kipindi cha mwisho, diski rasmi zilipouzwa zilikuwa na nyongeza ya dakika kama 12, ambamo Walt anafuatwa hospitalini alikolazwa, anaambiwa kuwa babake, ingawa amekufa, bado anaweza kusaidiwa, na anachukuliwa kurudi kisiwani. Hiyo ni kusema kwamba deni lililokopwa mbele ya umati mzima lililipwa nyuma ya nyumba, umati ukiwa umekwisha tawanyika, na kwa wale tu waliokuwa na fedha ya kununua diski halali. Diski zilizokuwa zikizunguka Kitale na Bungoma, au walau zile nilizoziona mimi, hazikuwa nayo.

Niliipata nyongeza hiyo miaka kadhaa baadaye, nikampelekea shangazi. Aliitazama yote bila kuingia jikoni. Ilipokwisha hakusema kama imemridhisha. Aliuliza ni nani wengine walioiona.